Filamu nne za giza kuhusu wanawake na dini: uanze na ipi?

Kabla sijabonyeza kitufe, shangazi yangu aliuliza swali moja. "Hii ina masista?" Nikamjibu inao. "Wazuri au wabaya?" Nikamwambia, kusema kweli shangazi, wabaya. Akavuta kiti karibu na televisheni, akavaa miwani.

Shangazi ni wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, tangu mimi sijazaliwa. Sare yake ya kitenge haruhusu mtu mwingine aipige pasi. Nilijua najitafutia balaa kumwonyesha The Magdalene Sisters, filamu ambayo gazeti la Vatican, L'Osservatore Romano, liliilaani ilipotoka. Lakini alikuwa amenisikia nikiizungumzia kwenye simu, na shangazi yangu hapendi kusimuliwa kitu ambacho macho yake yanaweza kukiona.

Tangu siku ile nimekuwa nikiulizwa na marafiki wanaotaka kutazama filamu za aina hiyo: nianze na ipi, na nitazame na nani? Ninazozilinganisha hapa ni nne. The Magdalene Sisters ya 2002 na Small Things Like These ya 2024 zinatupeleka Ireland, kwenye nyumba za udobi ambamo masista waliwafungia wasichana walioonekana wakosefu. Women Talking ya 2022 iko kwenye koloni lisilotajwa jina la wakulima Wamenonite, dhehebu la Kikristo. The Devil's Bath, nayo ya 2024, iko kijijini Austria mwaka 1750. Zote zinahusu mwanamke anayeumizwa kwa jina la Mungu, kisha anaambiwa kwamba kulalamika ni dhambi nyingine.

Wengi huuliza "ipi kali zaidi?" kana kwamba tunachagua pilipili sokoni. Jibu la swali hilo halikusaidii sana, maana kuna ukali unaopita ukilala usiku mmoja, na kuna mwingine unakaa nawe wiki nzima ukiosha vyombo. Mimi naangalia mwongozaji amenikalisha wapi. Kuna anayekufungia ndani pamoja na wanaoteswa. Kuna anayekuacha mlangoni, na mtu anayejua kila kitu lakini ana watoto wa kusomesha. Hapo ndipo tofauti inapoanza.

Ndani ya ukuta

The Magdalene Sisters, iliyoandikwa na kuongozwa na Mskoti Peter Mullan, inaanza harusini, mwaka 1964. Watu wanacheza, jasho linatiririka, padre mwenyewe anapiga ngoma na kuimba. Msichana aitwaye Margaret anaitwa chumba cha juu na binamu yake, na huko anabakwa. Anarudi, anakaa, anamnong'oneza mwenzake. Kuanzia hapo hatusikii neno hata moja, kwa kuwa muziki umefunika kila kitu. Tunaona midomo tu ikisogelea masikio. Habari inatoka kwa mmoja hadi mwingine, inawafikia wanaume, inamfikia baba, inamfikia padre. Macho yanamtafuta yule kijana. Halafu yanamgeukia Margaret, yanabaki kwake. Alfajiri gari linakuja kumchukua yeye.

Shangazi alinisimamisha hapo. "Rudisha nyuma." Nikadhani hajaelewa, kwa sababu ya ile sauti iliyofunikwa, nikaanza kumweleza. Akaniambia ninyamaze. Alikuwa ameelewa kuliko mimi. Alikuwa anamtafuta mama yake Margaret kwenye umati ule. Tukaurudia mkanda mara mbili.

Anayefuata ni Rose, aliyezaa nje ya ndoa, mtoto akachukuliwa mikononi mwake. Akifika kwa masista anaambiwa jina lake lina mwenyewe tayari, kwa hiyo kuanzia leo yeye ni Patricia. Wa tatu ni Bernadette, yatima, ambaye kosa lake ni kuwa mzuri wa sura na wavulana kumwita kutoka nje ya uzio. Wanapokelewa na Sista Bridget, aliyeigizwa na Geraldine McEwan, ambaye anawahubiria kuhusu Maria Magdalena na toba huku anahesabu noti mezani. (Injili hazisemi popote kwamba Maria Magdalena alikuwa kahaba. Aliyemuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, na jina la mtu likageuzwa adhabu ya wasichana wa Ireland.)

Kuna mtazamaji atakayesema Mullan katia chumvi. Tuangalie yanayojulikana. Nyumba ya kwanza ya aina hii Dublin ilifunguliwa 1767, tena na mwanamke Mprotestanti, Lady Arbella Denny. Mashirika ya masista wa Kikatoliki yalikuja baadaye, na karne ya ishirini nyumba hizi zikawa biashara ya kufulia hoteli, hospitali na hata taasisi za serikali. Wanawake walifua bila mshahara. Mwaka 1993 masista wa High Park, Dublin, walipouza sehemu ya ardhi yao, makaburi yaliyokuwamo yalifukuliwa, ikapatikana miili 155, wakati orodha ya awali ilikuwa ya watu 133. Nyumba ya mwisho, ya Sean McDermott Street, ilifungwa tarehe 25 Oktoba 1996. Mwaka ule sisi tulikuwa tunaomboleza MV Bukoba. Si zamani hizo za wafalme.

Mwaka 2013 kamati ya serikali ya Ireland chini ya Martin McAleese ilitoa ripoti kwamba tangu 1922 wanawake wapatao 10,000 walipitia humo, na kwamba zaidi ya robo ya walioingia, dola yenyewe ilikuwa na mkono. Tarehe 19 Februari mwaka huohuo waziri mkuu Enda Kenny aliomba radhi bungeni. Ripoti hiyohiyo ilisema wengi wa wanawake waliozungumza na kamati hawakusimulia vipigo kama vya kwenye filamu. Walisimulia kazi isiyokwisha, kudhalilishwa kwa maneno, na kutojua watatoka lini. Watetezi wao waliipinga ripoti wakisema imepunguza uzito wa mambo, na baadhi ya waliopitia humo walikwishasema kwamba hali halisi ilikuwa mbaya kuliko ya Mullan. Kwa hiyo ukiitazama, chukulia kwamba yale yaliyotawanyika katika miaka mingi na nyumba nyingi, yeye ameyabana ndani ya nyumba moja na saa mbili.

Kubanwa huko ndiko kunakochosha mwili. Kuna pahali wasichana wanapangwa mstari wakiwa uchi, na masista wawili wanawafanyia mashindano: nani ana matiti madogo kupita wote, nani ana nywele nyingi, huku wanacheka kama watoto wa shule. Hakuna anayepigwa. Mimi ndipo nilipotaka kuzima. Na kuna msichana Crispina, mwenye akili nyepesi, atakayesimama hadharani na kumpigia padre kelele ya sentensi moja, tena na tena na tena, mpaka utatamani mtu amzibe mdomo, halafu utajishtukia umetamani nini.

Mara ya pili shangazi aliponisimamisha ilikuwa chumba cha kufulia, na haikuhusu dini kabisa. Alitaka kuona mikono. Kabla ya kupata mashine amefua kwa sabuni ya mche maisha yake yote, nguo za watu tisa. "Vidole vya mfuaji si hivyo," alisema. "Angekuwa amechubuka hapa," akanionyesha ubavuni mwa kidole cha shahada, pale kitambaa kinaposugulia. Akatazama mkono wake kidogo. Kisha akaniambia endelea.

Udhaifu wa filamu hii ni kwamba Sista Bridget ni mbaya toka alipoingia mpaka anapotoka. Mara moja tu tunamwona binadamu: siku wanapoonyeshwa sinema ya zamani ambayo Ingrid Bergman anaigiza sista mwema, naye Bridget analengwalengwa na machozi akijiona ndiye yule. Ningependa angepewa nafasi zaidi za namna hiyo. Majaji wa tamasha la filamu la Venice hawakujali. Waliipa tuzo yao kuu, Simba wa Dhahabu, mwaka 2002.

Mlangoni

Small Things Like These inatuleta nyumba kama zilezile, miaka ishirini mbele, lakini hatuingii. Ni Desemba 1985, mji mdogo wa New Ross, na Bill Furlong anauza makaa ya mawe. Ana mke, ana mabinti watano. Anapeleka mzigo kwa masista alfajiri, anafungua stoo ya makaa, anamkuta msichana amefungiwa humo kwenye baridi.

Cillian Murphy anaigiza Furlong kama mtu aliyemeza jiwe. Haongei. Akirudi nyumbani anasugua mikono kwa brashi kwenye beseni, maji yanakuwa meusi, anasugua tena. Filamu imetokana na kitabu kifupi cha Claire Keegan cha 2021, na mwongozaji, Mbelgiji Tim Mielants, hakukimbiza chochote. Kama wewe ni mtoto wa vibanda vya video, uliyelelewa na sauti ya kina Lufufu na DJ Afro wakitusimulia filamu kwa Kiswahili, jua kwamba hapa hata DJ angekosa la kusema. Mtu anatembea barabarani usiku. Anasimama. Anatembea tena.

Tukio lenyewe ni kikombe cha chai. Furlong anamwingiza yule msichana ndani, na mama mkuu, Sista Mary, anawakaribisha kwenye moto wa kuotea. Emily Watson haongei kwa ukali hata mara moja. Anauliza habari za mabinti. Wangapi wako shule sasa? Na wadogo nao wataanza lini? Shule nzuri ya wasichana hapo mjini ni ya masista haohao, ukuta kwa ukuta. Anafungua bahasha ya kadi ya Krismasi, anaweka pesa ndani, anamkabidhi. Basi. Watson alipata tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin kwa nafasi hiyo, ambayo ukiihesabu kwa dakika ni ndogo mno.

Ndipo tofauti ya hizi mbili inapoonekana vizuri. Bridget ana fimbo. Mary ana orodha ya wanafunzi. Nilipomwuliza shangazi yupi alimtisha zaidi, hakufikiri: "Yule wa kwanza ningemkimbia. Huyu ningemshukuru kwa chai."

Jambo moja linalonifurahisha, na watu wengi hawaligundui: Eileen Walsh, aliyeigiza Crispina mwaka 2002, ndiye anayeigiza mke wa Furlong hapa. Binti aliyepiga kelele ndani ya ukuta sasa ni mama wa nyumbani anayemwambia mumewe, kwa upole, kwamba kuna mambo ya kuyafumbia macho ikiwa unataka kuishi na watu. Ukizitazama filamu hizi mbili kwa kufuatana, utamsikia mama huyo kwa masikio mengine. Watson naye alitoka upande wa pili: katika Breaking the Waves ya 1996 yeye ndiye mwanamke aliyehukumiwa na wazee wa kanisa.

Anayetaka kujua mateso yalikuwaje aende kwa Mullan. Anayetaka kujua mji mzima uliwezaje kulala usingizi, atazame hii. Mimi hili la pili ndilo linalonisumbua, kwa kuwa nimeishi mtaani, na najua kila mtaa una geti ambalo watu wakilipita wanapunguza sauti.

Darini, baada ya usiku

Nikitaja Women Talking kwa mtu wa Musoma au Shirati, lazima nianze na ufafanuzi. Wamenonite anaowafahamu yeye walifika Shirati mwaka 1934, wakajenga hospitali na shule, na leo Kanisa la Mennonite Tanzania ni kanisa kama makanisa mengine ya jirani. Filamu hii haihusu hao. Chanzo chake ni koloni la Manitoba, Bolivia, la Wamenonite wa mila za kale, wanaoongea Kijerumani chao cha zamani na kujitenga na ulimwengu. Kati ya 2005 na 2009 wanawake na watoto wa kike zaidi ya mia moja waliamka asubuhi wakiwa na damu na maumivu, bila kumbukumbu. Waliambiwa ni mapepo, au adhabu ya dhambi zao, au wamejitungia. Kumbe wanaume wa koloni lao walikuwa wanapulizia dawa ya usingizi ya mifugo madirishani. Mwaka 2011 mahakama ya Bolivia iliwafunga saba miaka 25 kila mmoja kwa ubakaji, na wa nane aliyewapatia dawa akafungwa miaka 12 na nusu.

Miriam Toews, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa kwenye jamii ya Wamenonite, akatunga riwaya kutokana na hayo. Sarah Polley akaifanya filamu, na mwaka 2023 akachukua Oscar ya mswada uliotokana na kitabu.

Nawaambia hivi wale wanaoogopa: ubakaji wenyewe hauonyeshwi. Unaona asubuhi yake tu, kwa sekunde chache: shuka, jeraha pajani, mama anayepiga kelele. Wabakaji hawapewi sura. Muda wote uliobaki ni wanawake wanane hivi, wakubwa na wadogo, juu kwenye dari la ghala la nyasi, wakibishana. Wanaume wamekwenda mjini kuwawekea dhamana watuhumiwa. Wamewaacha na muda wa siku mbili wawasamehe, la sivyo wafukuzwe na kuukosa ufalme wa mbinguni. Wafanye nini? Wakae kama hakuna kilichotokea, wakae wapigane, au waondoke? Hawajui kusoma, kwa hiyo kura inapigwa kwa alama ya mkato chini ya michoro. Anayeandika kumbukumbu za kikao ni mwanaume mmoja, mwalimu wa shule, anayejitahidi asichukue nafasi.

Hoja iliyonikamata ni ya msamaha: kama nimelazimishwa kusamehe, je, nimesamehe? Wanaibishania kama watu wanaoamini kwa dhati. Hakuna hata mmoja anayetaka kuiacha imani; wanataka kujua imani yao inawataka wafanye nini na binti wa miaka minne. Wanatibuana, wanacheka mpaka machozi, bibi mmoja anasimulia habari za farasi wake wawili, na inafika mahali wanaimba ule wimbo tunaoujua kama "Karibu na Wewe Mungu Wangu". Shangazi alianza kuufuatisha kwa Kiswahili kabla sijautambua. Aliimba ubeti mzima pamoja nao.

Nimesikia lawama mbili. Ya kwanza ni rangi: picha imefifishwa hadi karibu na kijivu, na mwanzoni nilidhani televisheni yetu imeharibika. Hiyo nakubali, inachosha macho. Ya pili ni kwamba wanawake wasiojua kusoma wasingeweza kujenga hoja namna ile. Hiyo siikubali hata kidogo. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye kikao cha kina mama wa kikoba siku ambayo hesabu haijakaa sawa.

Ukiilinganisha na ya Mullan, pale wasichana wana mwili na hawana sauti, hapa wana sauti na mwili umefunikwa. Marekani The Magdalene Sisters ilipewa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 lazima awe na mtu mzima), wakati Women Talking na Small Things Like These zilipata PG-13 (onyo kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13). Kwa hiyo ukiwa na binti wa kidato cha nne anayeuliza maswali ya kweli, na mko tayari kuzungumza baadaye, ya darini ndiyo yenu. Rafiki yangu mmoja wa Tanga, Mwislamu, aliitazama na mama yake, na mjadala wao haukugusa kanisa kabisa. Walibishana juu ya mjomba fulani wa ukoo aliyesamehewa mapema mno.

Kichwani mwa mwanamke mmoja

Kuhusu The Devil's Bath nitasema machache, na yote ni ya tahadhari.

Inafunguka na mwanamke anayembeba kichanga msituni, anapanda hadi kwenye maporomoko, anamrusha. Kisha anakwenda mwenyewe kujisalimisha. Huo si mwisho wa siri yoyote, ni dakika za mwanzo, na ndio ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Katika nchi za Kijerumani za enzi hizo, kanisa lilifundisha kwamba anayejiua anakwenda motoni moja kwa moja, kwa kuwa hapati nafasi ya kutubu. Lakini anayeua mtu mwingine atakamatwa, ataungama, ataondolewa dhambi na padre, ndipo akatwe kichwa, na roho yake ikiwa safi. Na akiua mtoto mdogo asiye na dhambi, mtoto naye yuko salama mbinguni. Watu waliokata tamaa ya kuishi, wengi wao wanawake, walipiga hesabu hiyo na kuitekeleza. Mwanahistoria Kathy Stuart amefukua kesi hizo kwenye kumbukumbu za mahakama, na Veronika Franz na Severin Fiala wakatengeneza filamu.

Agnes, anayeigizwa na mwanamuziki Anja Plaschg, ndiyo kwanza ameolewa. Mume hamgusi. Mama mkwe anahesabu kila alichokosea. Anashinda kwenye matope ya bwawa la samaki na anarudi amechelewa. Huzuni inamwingia polepole, ile ambayo wenyeji waliiita bafu la shetani, na dawa ya kinyozi wa kijiji ni kumtoboa ngozi ya kisogoni na kupitisha uzi wa singa za farasi ili sumu itoke. Hakuna sista mbaya wala mchungaji mwovu wa kumchukia. Kila mtu anatenda anavyojua. Hapo ndipo inapotofautiana na zile tatu, na ndiyo maana inaogopesha kupita zote. Geti la ukuta wa Mullan unaliona. Hapa ukuta ni mafundisho yenyewe, na Agnes anayaamini.

Ni filamu nzuri mno kwa macho, mpiga picha wake alizawadiwa Berlin, na siipendekezi kwa mtu ambaye siku hizi analala vibaya au anabeba mawazo mazito. Sisemi hivyo kama kawaida ya waandishi wa filamu kuweka onyo. Nina watu watatu ninaowapenda ambao nimewaambia wazi wasiitazame mwaka huu.

Nani amekaa pembeni yako

Ukiwa peke yako na una usiku mmoja, chukua Small Things Like These. Ni fupi, dakika tisini na ushee, na haikuachi umevunjika. Inakuacha unawaza majirani. Ukiwa na mwenza anayependa mabishano, Women Talking, ila msianze saa nne usiku maana mtalala saa nane. The Magdalene Sisters itazame na mtu mzima unayeweza kumshika mkono bila aibu, na uwe na kitu cha kunywa chenye moto. Sisi tulisimama katikati tukachemsha chai ya tangawizi. Nilidhani ndiyo basi, shangazi amemaliza. Akarudi na kikombe chake, akauliza mbona sijawasha.

Kuitazama kwenye kikundi cha parokia? Nimeulizwa hilo pia. Kwa kikundi ningeanza na Women Talking, kwa sababu inawaachia waumini nafasi ya kubaki waumini. Ya Mullan kwenye ukumbi wa kanisa itageuka kesi: nusu ya watu watawatetea masista wanaowafahamu, ambao kwa kweli hawajafanya lolote, na wasichana wa Dublin watasahaulika katikati ya kelele.

Kama zote nne zinakuelemea, mlango wa pembeni upo. Philomena ya 2013, ya Stephen Frears, ni habari ya kweli ya mama wa Ireland aliyenyang'anywa mwanawe kwenye nyumba ya masista ya Roscrea na kumtafuta baada ya miaka hamsini. Judi Dench anakuchekesha humo ndani, na bado utalia. Watakatifu wangu wawili wa sebuleni, yaani mama na jirani yetu mama Neema, waliimaliza bila kusimama hata kwenda jikoni.

Kuhusu lugha: lafudhi ya Kiayalandi ni ngumu hata kwa anayejua Kiingereza, kwa hiyo washa maandishi ya chini toka mwanzo. The Devil's Bath ni Kijerumani cha vijijini, hutakwepa kusoma. Kwa shangazi mimi nilikuwa natafsiri kwa mdomo palipobidi, na baada ya nusu saa akaniambia nipunguze, sura za watu anaziona.

Tumebakiza moja. Nimemsimulia ile ya Austria ilivyo, bila kumficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakunja shuka, akaipigapiga kwa kiganja ikae sawa juu ya rundo. "Hiyo itazame mwenyewe," akasema. "Tena mchana, na mlango uache wazi."